Ushindani wa Kibiashara Katika Zama za Teknolojia: Upi Halali, Upi Haramu?

(Yafuatayo ni maelezo ya mhadhara uliotolewa kwa waumini msikitini, baina ya sala ya Magharibi na Isha.)

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Mada tuliyopewa jioni hii ni jinsi makampuni yanavyotumia teknolojia na mikakati ili kuyashinda makampuni mengine sokoni. Huenda wapo watakaojiuliza mada ya namna hii imefuata nini msikitini. Jibu letu ni jepesi. Karibu kila mmoja wetu aliyeketi hapa ana simu mfukoni, na ndani ya simu hiyo makampuni yanashindana usiku na mchana kwa ajili ya fedha zake. Miongoni mwetu wapo wenye maduka, wapo mawakala wa kutuma na kupokea fedha, na wapo vijana wanaosomea kompyuta. Na wapo ndugu zetu, hawa ndio waliotufanya tuikubali mada hii, ambao wamezama katika madeni ya simu wala hawakumbuki waliyakubali lini. Dini iliyotufundisha adabu za kuingia sokoni haiwezi kunyamaza soko linapotuingia sisi mifukoni.

Katika mhadhara huu tutashikamana na swali moja tu: kampuni inaposhinda, imeshinda kwa kitu gani? Upo ushindi unaotokana na kumhudumia mtu vizuri zaidi kuliko wengine. Na upo ushindi unaotokana na mtu huyo kutojua. Teknolojia ni chombo, nayo hutumika katika ushindi wa kwanza na wa pili. Sharia imeufungulia mlango wa kwanza na kuufunga wa pili.

USHINDANI WENYEWE SI HARAMU

Wapo wanaodhani kwamba uchamungu ni kuliacha soko. Masahaba hawakufahamu hivyo. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na mali. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (r.a.), alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea dua ya baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza na jibini na samli, na haukupita muda mrefu akawa mtu wa kujitegemea. Aliwakuta sokoni wafanyabiashara wa zamani wenye mitaji na wateja, akashindana nao.

Tazameni pia mkakati wa Uthman bin Affan (r.a.) katika kisima cha Ruma. Maji yake yalikuwa yakiuzwa, na wasio na uwezo walitaabika. Mtume (s.a.w.) akaahidi Pepo kwa atakayekinunua na kukifanya cha Waislamu wote. Imepokewa kwamba mwenye kisima alikataa kukiuza chote, Uthman akanunua nusu, kwa sharti la kupokezana: siku moja yake, siku moja ya mwenzake. Katika siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya kuwatosha siku mbili. Siku ya mwenzake ikawa haina mnunuzi, naye akaona heri auze nusu iliyobaki.

Huo, ndugu zetu, ni mkakati wa kibiashara usio na shaka. Lakini angalieni sifa zake. Masharti yalijulikana na pande zote mbili, hapakuwa na uongo, bei ililipwa kamili, na aliyefaidika mwisho wa yote ni mtu mwenye kiu.

KUDHIHIRISHA KASORO: MFANO WA TOYOTA

Tuje sasa katika zama zetu. Magari ya Toyota tunayaona katika barabara zetu kila siku, lakini wachache wanajua kwamba asili ya kampuni hiyo ni mitambo ya kufumia nguo. Fundi wa Kijapani aitwaye Sakichi Toyoda alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufuma uliokuwa na sifa moja ya ajabu: uzi ukikatika, mtambo unasimama wenyewe. Kabla ya hapo, uzi ulipokatika mtambo uliendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu aje kugundua. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kazi ya magari, na mwaka 1937 ikaundwa kampuni ya Toyota.

Fikra ile ya uzi ikahamishiwa katika kiwanda cha magari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi Taiichi Ohno na wenzake walijenga utaratibu ambao vipuri huletwa kwa kiasi kinachohitajika na kwa wakati unaohitajika, bila ya kurundika mali ghalani. Na juu ya mstari wa kazi ikawekwa kamba. Mfanyakazi yeyote, hata wa cheo cha chini, akiona kasoro huivuta kamba hiyo. Msaada huja, na kasoro isiporekebishwa mara moja, kazi husimama. Wengine waliona kusimamisha kazi ni hasara. Wao waliona hasara kubwa zaidi ni kasoro inayofichwa ikamfikia mnunuzi. Mwaka 2008 Toyota iliipita General Motors ya Marekani kwa idadi ya magari yaliyouzwa duniani, kampuni iliyokuwa imeongoza kwa miongo mingi.

Waislamu tukisikia habari hii, tukumbuke kwamba sisi tulifundishwa jambo hili kabla ya kuwepo viwanda. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akaambiwa ni mvua iliyonyesha. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tuzingatie: hakumkataza kuuza chakula kilicholowa. Alimkataza kukificha.

Wala tusiitukuze kampuni kupita kiasi. Mwaka 2014 Toyota hiyo hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, kwa kuwa iliwapotosha wateja kuhusu hitilafu za usalama katika baadhi ya magari yake. Siku ilipoiacha kamba yake, ilianguka kama wengine.

MIZANI ILIYOFUNDISHWA KUDANGANYA

Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wao hupunguza. Wengi wetu tukiisoma tunamfikiria muuza sukari na kidole chake juu ya mizani. Hebu tumfikirie na mhandisi wa kompyuta.

Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliweka katika magari yake ya dizeli programu yenye uwezo wa kutambua kwamba gari linapimwa. Lilipokuwa likipimwa, gari lilipunguza moshi wa sumu hadi kiwango kinachoruhusiwa. Lilipotoka barabarani, lilitoa gesi za naitrojeni mpaka mara 40 ya kiwango hicho. Kampuni ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Jambo hilo lilianza kufichuka baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kuyapima magari hayo yakiwa safarini badala ya kuyapimia karakana. Mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani, ikatozwa faini ya dola bilioni 2.8.

Hapa elimu haikukosekana. Kuandika programu ya namna ile kunahitaji akili kubwa na kazi ya miaka. Kilichokosekana ni khofu ya Yule Anayepima bila ya kupimwa. Nasi tusiseme haya ni ya Wazungu. Muuzaji anayerekebisha mizani yake ya kielektroniki, na muuza mafuta anayechezea pampu, wamo katika sura ile ile.

M-PESA: USHINDI WA HALALI ULIOZAA MTIHANI

Sasa tuingie nyumbani. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilizindua huduma ya M-Pesa. Tanzania ilifuatia mwaka 2008 kupitia Vodacom. Huduma hii ilianza kwa majaribio mwaka 2005, kwa ushirikiano wa Vodafone na msaada wa serikali ya Uingereza, na kusudio la awali lilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Wasimamizi wa majaribio waligundua kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa haja yao wenyewe: kutumiana fedha. Kampuni ikaacha mpango wake wa kwanza, ikafuata haja ya watu. Mtu aliyeko mjini anataka kumpelekea mama yake kijijini. Basi la abiria ni hatari, na benki iko mbali.

Mkakati wenyewe ulikuwa hivi. Kwanza, haikujenga matawi. Iliwafanya wenye maduka kuwa mawakala, kila mmoja akiweka mtaji wake, chini ya rangi na utaratibu mmoja. Pili, kuweka fedha hakukutozwa ada. Tatu, kumtumia mtu ambaye hajajiandikisha kulikuwa ghali kuliko kumtumia aliyejiandikisha, hivyo kila mteja akawa mhubiri wa huduma kwa jamaa zake. Nne, fedha za wateja ziliwekwa katika benki kama amana, mbali na mali ya kampuni. Kila aliyeingia aliifanya huduma iwe na manufaa zaidi kwa aliyetangulia, na washindani waliochelewa wakashindwa kuifikia.

Katika hayo kuna kheri kubwa, na tunaisema wazi. Zaka inamfikia maskini siku hiyo hiyo. Nafaka ya mjane haichelewi. Hata hivyo nguvu ikizidi huhitaji msimamizi. Mawakala walikuwa wamefungwa wasiihudumie kampuni nyingine, mpaka mwezi Julai 2014, ambapo kifungo hicho kiliondolewa baada ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kuingilia kati. Kazi ya muhtasibu wa soko, iliyojulikana katika miji ya Kiislamu kwa karne nyingi, ilikuwa ni hiyo hiyo.

Mtihani ulikuja baadaye. Mwezi Novemba 2012 ilizinduliwa M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia simu. Mkopo ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Mtu aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Inaonekana ndogo. Lakini mwenye kukopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa shilingi 900 za ada juu ya shilingi 1,000 ile ile. Mwezi Januari 2019 ikafuata Fuliza, ambayo hujazia mtu anapolipa na salio halitoshi, ikianza na ada ya kuingilia na ada ya kila siku. Kisha zikamiminika programu za mikopo za kila namna, nyingine zikichukua majina ya jamaa yaliyomo katika simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa jamaa hao hupigiwa simu ili aaibike.

Ndugu zetu, kubadilisha jina hakubadilishi hukumu. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, iitwe faida, ada au gharama ya kuwezesha. Wanavyuoni wa zama zetu wameruhusu mkopeshaji arudishiwe gharama halisi ya huduma. Lakini gharama ya kutuma ujumbe wa simu haiongezeki kwa sababu mkopo umekuwa mkubwa. Ada inayokua pamoja na mkopo au pamoja na siku za kuchelewa, hiyo ni bei ya fedha na muda. Na Sura ya Al-Baqara, aya ya 279, imetaja vita vya Allah na Mtume wake kwa asiyeacha riba. Hakuna dhambi nyingine ya muamala iliyotajwa kwa ukali huo.

NANI ANAJUA, NANI HAJUI

Turudi katika swali letu la mwanzo. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa mjini anaijua bei, na mwenye msafara haijui. Akimkuta njiani atanunua kwa bei ya ujinga wake. Katika mapokezi ya Muslim, mwenye mali amepewa hiari ya kuuvunja mkataba atakapofika sokoni na kuijua bei. Hapakuwa na mizani mbovu wala uongo uliosemwa. Palikuwa na upande mmoja unaojua na mwingine usiojua.

Teknolojia inaweza kuliondoa pengo hilo. Mchumi Robert Jensen aliwafuatilia wavuvi wa sadini wa Kerala, India, kati ya mwaka 1997 na 2001, simu za mkononi zilipokuwa zikiingia pwani yao, na akachapisha matokeo mwaka 2007. Kabla ya simu, mvuvi alifika ufukwe mmoja akakuta samaki wamejaa, akawamwaga baharini, na ufukwe wa jirani watu wamekosa kitoweo. Alipoweza kuuliza bei angali majini, samaki waliacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Elimu ilipoenea, muuzaji na mnunuzi walifaidika pamoja.

Teknolojia hiyo hiyo inaweza pia kulipanua pengo. Mkopeshaji wa simu anajua mshahara wako huingia lini na salio lako huisha lini. Wewe hujui anakupimaje. Msafara leo haulakiwi njiani. Unalakiwa saa nane ya usiku, mtoto anapougua, kwa ujumbe usemao kwamba umestahiki mkopo.

Tafakarini aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Imeamrisha deni liandikwe, na imeamrisha kwamba anayesoma ili mwandishi aandike ni yule mwenye kudaiwa. Mwenye kudaiwa ndiye anayetaja deni kwa ulimi wake, ili pasiwe na neno asilolielewa. Na akiwa ni dhaifu, walii wake amsemee kwa uadilifu. Leo mkopeshaji huandika kurasa nyingi kwa lugha ya mawakili, na mdaiwa hubonyeza "nakubali". Aya imegeuzwa kichwa chini.

Hata serikali zimeyaona madhara. Kenya ilitunga sheria mwaka 2021 na kanuni mwaka 2022 za kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu na kuwakataza kuwaaibisha wadaiwa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya kibali. Hatua hizo ni njema, lakini kibali cha serikali hakihalalishi riba.

WAJIBU WETU

Kwanza, wafanyabiashara Waislamu wasiiogope teknolojia. Andikeni hesabu zenu, bandikeni bei, jueni bidhaa gani inatoka na ipi inalala. Wekeni kamba ya kuvuta dukani: kijana wenu akiona mali imeharibika, awe na ruhusa ya kuitoa bila ya kukemewa. Na wakala amweleze ada mteja asiyejua kusoma, wala asimshikie namba yake ya siri.

Pili, vijana wenye elimu ya kompyuta. Umma unawahitaji muandike programu, si kuzitumia tu. Sharti letu kwenu ni moja: mteja aione bei yote, kwa lugha yake, kabla ya kukubali. Kampuni inayoaminika kwa jambo hilo itakuwa na mtaji usioweza kuigwa upesi.

Tatu, mwenye kutaka kukopa ajiulize: ninachukua kiasi gani, ninarudisha kiasi gani, lini, na nikichelewa itakuwaje? Asipoweza kuyataja majibu kwa ulimi wake, asibonyeze. Na akiona ziada imeshurutishwa, aache kwa ajili ya Allah.

Nne, na hili ndilo zito. Hatuwezi kumkataza ndugu yetu riba kisha tukamwacha peke yake usiku na mtoto mgonjwa. Makampuni yameshinda kwa sababu yako karibu na yanajibu haraka. Sisi tuko karibu zaidi, tunaswali naye bega kwa bega, lakini tunajibu baada ya mwezi, kwa kikao. Kila msikiti unaweza kuanzisha mfuko wa qardhi hasan. Wenye uwezo waweke kiasi kidogo kila mwezi. Wachaguliwe waaminifu watatu wenye simu zilizo wazi usiku. Mkopaji ataje deni lake mwenyewe, liandikwe, lishuhudiwe, na siri yake ihifadhiwe. Arudishe alichochukua bila ya kuongeza. Akiwa katika dhiki, apewe muda kama ilivyoamrishwa katika aya ya 280, na aliyeshindwa kabisa asaidiwe kutoka katika fungu la wadaiwa la Zaka. Simu zile zile zitumike kukusanya na kutoa. Hapo tutakuwa tumeshindana kwa kitu ambacho kampuni yoyote haiwezi kukiuza.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, awafariji ndugu zetu wenye madeni, na azitie baraka biashara za wakweli miongoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.